Kubadili Mafaili ya Video ya Kamera ya Dijitali ili Yacheze kwenye Kompyuta ya Nyumbani

Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa aweze:

(a) kueleza kwa nini video ya kamera hubanwa kabla ya kuhifadhiwa;
(b) kutofautisha kontena na kodeki;
(c) kutaja sababu zinazofanya faili la video likatae kucheza kwenye kompyuta;
(d) kuchagua njia inayofaa ya kulitatua tatizo na kuzifuata hatua zake;
(e) kukokotoa ukubwa wa faili la video kabla na baada ya kubadiliwa.

1. Tatizo lenyewe

Familia imerekodi harusi au mahafali kwa kamera ya dijitali. Kadi ya kumbukumbu inachomekwa kwenye kompyuta, faili linafunguliwa, kisha linatokea mojawapo ya haya: programu inasema haiwezi kulifungua, sauti inasikika lakini skrini ni nyeusi, picha inaonekana lakini ni bubu, au picha inakwamakwama kila baada ya sekunde mbili tatu.

Watu wengi hapo husema faili limeharibika. Baadhi yao hulifuta, au hufuta kadi nzima ili waitumie tena, na kumbukumbu ya siku ile hupotea moja kwa moja. Ukweli ni kwamba mara nyingi faili ni zima. Kilichokosekana ni programu yenye uwezo wa kulisoma, au kompyuta yenye nguvu ya kulisoma kwa kasi inayotakiwa. Ukilielewa jambo hili utajibu sehemu kubwa ya maswali ya mada hii, na pia utaokoa video za nyumbani kwenu.

2. Kwa nini video hubanwa

Video ni mfuatano wa picha zilizotulia, ziitwazo fremu, zinazoonyeshwa haraka hadi jicho lione mwendo. Kila fremu imeundwa kwa nukta ndogo ziitwazo pikseli. Chukua video yenye fremu za pikseli 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, na kila pikseli ikitumia baiti 3 za rangi:

Pikseli za fremu moja: 1920 × 1080 = 2,073,600
Baiti za fremu moja: 2,073,600 × 3 = 6,220,800
Baiti za sekunde moja: 6,220,800 × 25 = 155,520,000

Hiyo ni takriban megabaiti 155.5 kwa sekunde moja, au gigabaiti 9.3 kwa dakika. Kadi ya gigabaiti 32 ingejaa kabla ya dakika nne kwisha. Ndiyo maana kamera huibana video wakati huohuo inaporekodi.

Kuna namna kuu mbili za kubana ambazo mtahiniwa anapaswa kuzijua.

(i) Kubana kila fremu peke yake. Kila fremu hubanwa kama picha ya kawaida ya JPEG. Mfano wake ni Motion JPEG, iliyotumika sana katika kamera ndogo za zamani. Kompyuta huisoma kwa urahisi, lakini mafaili yake ni makubwa.

(ii) Kubana kwa kulinganisha fremu. Fremu moja huhifadhiwa kamili, na zinazofuata huhifadhi tu mabadiliko yaliyotokea. Mwalimu akizungumza mbele ya ubao, ubao haubadiliki. Hakuna haja ya kuuhifadhi mara 25 kila sekunde. Kinachohifadhiwa ni mwendo wa mdomo na mikono. MPEG-2, H.264 na HEVC hufanya hivi. Mafaili huwa madogo, lakini prosesa hufanya kazi zaidi, kwa sababu ili kuonyesha fremu moja ni lazima irejelee fremu nyingine.

H.264 ilipitishwa mwaka 2003, na HEVC, ambayo pia huitwa H.265, ikafuata mwaka 2013. HEVC ilibuniwa ili itoe ubora unaokaribiana na wa H.264 kwa takriban nusu ya biti. Gharama yake ni kwamba inahitaji kompyuta yenye nguvu zaidi.

Zingatia: Namna zote hizi ni za kubana kwa kupoteza. Sehemu ya taarifa huachwa kabisa na haiwezi kurudishwa baadaye.

3. Kontena na kodeki

Hapa ndipo watahiniwa wengi huchanganya mambo.

Kodeki ni utaratibu wa kusimba na kusimbua data. Kamera huutumia kubana picha au sauti, na kompyuta huutumia kufungua kilichobanwa. Mifano ya kodeki za picha ni Motion JPEG, MPEG-2, H.264 na HEVC. Mifano ya kodeki za sauti ni MP3, AAC na AC-3.

Kontena ni faili linalobeba picha, sauti na taarifa za muda kwa pamoja, ili sauti ya msemaji iende sambamba na mdomo wake. Mifano ni AVI, MOV, MP4 na MKV.

Lifikirie sanduku la safari. Ukiliona kwa nje unajua ni sanduku la aina gani, lakini hujui ndani mna nguo au vitabu. Herufi zinazofuata nukta katika jina la faili, ziitwazo kiendelezi, hukuonyesha sanduku. Kodeki ndiyo kilichomo ndani.

Jedwali: Mafaili yanayopatikana mara nyingi katika kamera

| Kiendelezi | Kodeki ya picha iliyozoeleka | Mahali linapotoka |
|---|---|---|
| .AVI | Motion JPEG | Kamera ndogo za zamani |
| .MOV | Motion JPEG au H.264 | Kamera za picha zinazorekodi pia video |
| .MOD | MPEG-2 | Baadhi ya kamera za video za zamani |
| .MTS | H.264 | Kamera za mfumo wa AVCHD |
| .MP4 | H.264 au HEVC | Kamera mpya na simu nyingi |

AVCHD ni mfumo uliotangazwa na kampuni za Sony na Panasonic mwaka 2006. Picha zake hubanwa kwa H.264, sauti mara nyingi kwa AC-3, na vyote huwekwa katika faili la .MTS. Mfumo huu hutoa mfano mzuri wa mtihani: H.264 iliyomo ndani ya .MTS ni jamaa wa karibu wa ile iliyomo katika .MP4, lakini kuna programu zinazocheza .MP4 na kukataa .MTS. Tatizo hapo ni sanduku, wala si kilichomo.

4. Kwa nini faili linakataa kucheza

Kabla ya kubadili chochote, tafuta chanzo. Linganisha dalili na sababu.

(a) Programu inasema faili halitambuliki. Huenda programu hailijui kontena hilo.

(b) Sauti ipo, picha haipo. Programu imelifungua kontena na kodeki ya sauti ipo, lakini kodeki ya picha haipo.

(c) Picha ipo, sauti haipo. Kodeki ya sauti ndiyo inayokosekana. Hili hutokea kwa AC-3 katika baadhi ya programu.

(d) Picha inakwamakwama. Kodeki ipo, lakini prosesa haiwezi kusimbua fremu kwa kasi inayotakiwa. Dalili hii huonekana sana pale video ya HEVC inapochezwa kwenye kompyuta ya zamani. Pengine pia faili linasomwa moja kwa moja kutoka kwenye kadi au flashi yenye kasi ndogo. Linakili kwenye diski ya kompyuta kisha ujaribu tena.

(e) Video inaishia katikati. Unakili haukukamilika, au rekodi ndefu iligawanywa na kamera. Kadi nyingi za hadi gigabaiti 32 hutumia mfumo wa faili wa FAT32, ambao haukubali faili moja kufikia gigabaiti 4 kamili. Kamera huanza faili jipya kabla ya kikomo hicho, kwa hiyo mwendelezo wa video umo katika faili linalofuata.

(f) Kitu kinachosogea kinaonekana kukatwa kwa mistari ya mlalo, kama meno ya kitana. Video ilirekodiwa kwa mistari inayopishana, yaani fremu moja ina nusu mbili zilizochukuliwa kwa nyakati mbili tofauti. Runinga za zamani zilitengenezwa kwa mfumo huo, lakini skrini ya kompyuta huonyesha mistari yote kwa pamoja, na ndipo meno hayo huonekana. Dawa yake ni kuchuja mistari wakati wa kubadili.

Ili kuthibitisha kodeki iliyomo, fungua faili kwa programu ya VLC kisha bonyeza Ctrl na J kwa pamoja. Dirisha litaonyesha kodeki ya picha, kodeki ya sauti, ukubwa wa fremu na idadi ya fremu kwa sekunde. Yaandike kwenye daftari, utayahitaji.

5. Njia tatu za utatuzi

Njia ya kwanza: kutumia programu inayolisoma faili jinsi lilivyo. VLC ina kodeki nyingi ndani yake. Ilianza kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, nchini Ufaransa, mwaka 1996, na leo hupatikana bure. Kama lengo ni kutazama tu, na kompyuta ina nguvu ya kutosha, kazi inaishia hapa. Faili halikuguswa na ubora haukupungua hata kidogo.

Njia ya pili: kubadili kontena tu. Picha zilizobanwa hutolewa katika sanduku moja na kuwekwa katika jingine bila kufunguliwa. Kazi hii huchukua muda mfupi, na ubora wa picha hubaki uleule. Programu ya FFmpeg, iliyoanzishwa mwaka 2000, huifanya kwa amri ya maandishi:

ffmpeg -i 00003.MTS -c:v copy -c:a aac mahafali.mp4

Maana yake ni hii: soma faili 00003.MTS, nakili picha jinsi zilivyo, simba sauti upya kwa AAC, hifadhi matokeo katika faili jipya liitwalo mahafali.mp4. Sauti imesimbwa upya kwa sababu programu nyingi za nyumbani huikubali AAC ndani ya MP4 kuliko AC-3.

Njia ya tatu: kusimba upya. Picha hufunguliwa fremu kwa fremu, kisha hubanwa tena kwa kodeki nyingine au kwa biti chache zaidi. Njia hii inafaa pale kodeki yenyewe ndiyo tatizo, pale kompyuta ni dhaifu na inahitaji fremu ndogo, au pale nafasi ya kuhifadhi ni finyu. Huchukua muda mrefu. Kwenye kompyuta ya zamani inaweza kuzidi urefu wa video yenyewe. Pia hupunguza ubora, kwa sababu kilichokwisha kubanwa kwa kupoteza kinabanwa kwa kupoteza mara ya pili.

Kanuni ya kukumbuka: anza na njia ya kwanza, kisha ya pili, na ya tatu iwe ya mwisho.

Zingatia: Kubadili jina la faili kutoka .MTS kuwa .MP4 si mojawapo ya njia hizi. Kufuta neno "sukari" kwenye kopo na kuandika "chumvi" hakubadilishi kilichomo ndani. Baadhi ya programu huchungulia ndani ya faili na kulicheza bila kujali jina, na jambo hilo huwafanya watu wadhani wamelibadili. Hakuna kilichobadilika ila jina.

6. Hatua za kusimba upya

Mfano huu unatumia programu ya HandBrake, ambayo ni ya bure na huria.

Hatua ya 1. Nakili kadi nzima kwenye folda ya kompyuta. Usichukue folda ya DCIM pekee. Kamera nyingi huweka picha za kawaida katika DCIM, lakini video za AVCHD hukaa katika folda ya STREAM, iliyomo ndani ya BDMV, ndani ya AVCHD, ndani ya PRIVATE. Aliyenakili DCIM tu na kufuta kadi ameondoka na picha na kuziacha video zikifutika.

Hatua ya 2. Hakikisha mafaili yamenakiliwa yote. Linganisha idadi na ukubwa wa mafaili ya kwenye kadi na ya kwenye kompyuta.

Hatua ya 3. Fungua HandBrake na uchague faili la kubadili.

Hatua ya 4. Chagua kontena la MP4 na kodeki ya picha ya H.264. Mchanganyiko huu husomwa na kompyuta nyingi, na pia na simu na runinga nyingi za kisasa.

Hatua ya 5. Weka kiwango cha ubora. HandBrake hutumia namba iitwayo RF. Namba ikiwa ndogo, ubora ni mkubwa na faili ni kubwa. Kwa fremu za pikseli 1920 kwa 1080, namba kati ya 20 na 24 inafaa. Kwa video za kamera za zamani zenye fremu ndogo, tumia kati ya 18 na 22.

Hatua ya 6. Acha kasi ya fremu iwe sawa na ya faili asilia. Kugeuza fremu 25 kuwa 30 hakuongezi ulaini wa mwendo. Hulazimisha baadhi ya fremu kurudiwa. Kama video ina meno ya kitana, washa kichujio cha mistari.

Hatua ya 7. Chagua AAC kwa upande wa sauti.

Hatua ya 8. Toa faili jipya jina tofauti, na ulihifadhi katika folda tofauti na ya asilia.

Hatua ya 9. Jaribu kwanza kipande cha dakika moja. Kikiwa sawa, badili video nzima. Kugundua kosa baada ya dakika moja ni nafuu kuliko kuligundua baada ya kompyuta kufanya kazi usiku kucha.

Hatua ya 10. Kagua matokeo. Tazama mwanzo, katikati na mwisho. Angalia kama mdomo na sauti vinakwenda pamoja, na kama urefu wa faili jipya ni sawa na wa lile la asilia.

Tahadhari mbili. Kwanza, pakua programu kutoka kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe. Zipo programu zinazojiita vifurushi vya kodeki ambazo ndani yake mna virusi. Pili, zipo tovuti zinazobadili video kwa kuipakia kwanza kwenye intaneti. Kwa faili la gigabaiti 1.8 utatumia gigabaiti 1.8 za bando kulipandisha na bando jingine kulishusha, na video ya familia itakuwa imepita kwenye kompyuta za watu usiowajua. Kazi hii yafaa kufanyiwa nyumbani, bila intaneti.

7. Kukokotoa ukubwa wa faili

Kasi ya biti ni idadi ya biti zinazotumika kwa kila sekunde ya video. Kanuni ni:

Ukubwa (megabaiti) = kasi ya biti (megabiti kwa sekunde) × muda (sekunde) ÷ 8

Tunagawanya kwa 8 kwa sababu baiti moja ina biti 8. Katika mifano hii gigabaiti 1 imechukuliwa kuwa megabaiti 1000.

Mfano wa 1. Kamera ya AVCHD imerekodi dakika 10 kwa megabiti 24 kwa sekunde. Tafuta ukubwa wa faili.

Muda = 10 × 60 = sekunde 600
Biti = 24 × 600 = megabiti 14,400
Ukubwa = 14,400 ÷ 8 = megabaiti 1800, yaani gigabaiti 1.8

Mfano wa 2. Video hiyohiyo imesimbwa upya kwa megabiti 5 kwa sekunde za picha na kilobiti 160 kwa sekunde za sauti. Tafuta ukubwa mpya.

Kilobiti 160 = megabiti 0.16
Jumla ya kasi = 5 + 0.16 = megabiti 5.16 kwa sekunde
Biti = 5.16 × 600 = megabiti 3096
Ukubwa = 3096 ÷ 8 = megabaiti 387

Nafasi iliyookolewa ni 1800 − 387 = megabaiti 1413.

Mfano wa 3. Video ya harusi ina urefu wa saa 1 na dakika 30. Nafasi iliyobaki kwenye flashi ni gigabaiti 3. Kasi ya juu kabisa ya biti iwe ngapi ili video ienee?

Nafasi = megabaiti 3000 = 3000 × 8 = megabiti 24,000
Muda = dakika 90 × 60 = sekunde 5400
Kasi = 24,000 ÷ 5400 = megabiti 4.44 kwa sekunde

Kasi hii ni ya picha na sauti pamoja. Ukitoa 0.16 ya sauti, picha zinabaki na 4.28. Chagua 4 ili ibaki nafasi kidogo ya taarifa za kontena.

8. Ubora uliopotea haurudi

Mtu anaweza kudhani kwamba akisimba upya kwa kasi kubwa ya biti, video hafifu itakuwa safi. Haiwi hivyo. Taarifa iliyoachwa wakati wa kubana haimo tena ndani ya faili. Kuongeza biti ni kuongeza ukubwa wa faili pekee. Vilevile kukuza fremu ya pikseli 640 kwa 480 hadi 1920 kwa 1080 hakuleti undani mpya. Kompyuta hukisia tu rangi za pikseli zilizoongezwa.

Kwa sababu hiyo, faili asilia la kamera halifutwi. Faili lililobadiliwa ni nakala ya kutazamia. Kodeki mpya zitakuja na kompyuta ya nyumbani itabadilishwa; siku hiyo utahitaji kubadili tena, na ni bora uanze na faili asilia kuliko nakala iliyokwisha kubanwa mara mbili. Weka faili asilia mahali pawili, kwa mfano kwenye diski ya kompyuta na kwenye diski ya nje. Baada ya kuhakikisha kwamba nakala zote mbili zinafunguka, ndipo ufute kadi.

9. Makosa yanayowapotezea watahiniwa alama

- Kuandika kwamba MP4 ni kodeki. MP4 ni kontena.
- Kusahau kugawanya kwa 8. Jibu huwa kubwa mara nane kuliko inavyotakiwa.
- Kuacha muda katika dakika badala ya kuugeuza kuwa sekunde.
- Kujumlisha megabiti na kilobiti bila kuzileta kwenye kipimo kimoja.
- Kujibu "tumia programu ya kubadilisha" bila kueleza ni kitu gani kinachobadilishwa: kontena, kodeki, ukubwa wa fremu au kasi ya biti.
- Kusema kwamba faili lisilocheza limeharibika, bila kutaja uwezekano wa kodeki kukosekana.

10. Maswali ya marudio

1. Tofautisha kontena na kodeki, na utoe mifano miwili ya kila kimoja.

2. Faili la .MTS likifunguliwa linatoa sauti, lakini skrini ni nyeusi. Taja sababu inayoelekea kuwa ndiyo, na ueleze hatua mbili utakazochukua kwa mpangilio.

3. Kamera imerekodi dakika 20 kwa megabiti 17 kwa sekunde. (a) Tafuta ukubwa wa faili. (b) Je, faili hilo linaweza kuwekwa kwenye flashi tupu ya gigabaiti 8 yenye mfumo wa FAT32?

4. Tafuta idadi ya baiti za sekunde moja ya video isiyobanwa yenye fremu za pikseli 640 kwa 480, fremu 30 kwa sekunde na baiti 3 kwa pikseli.

5. Mwanafunzi amebadili jina la faili kutoka HARUSI.MTS kuwa HARUSI.MP4 na kudai kwamba amelibadili. Je, ni kweli? Eleza.

6. Toa sababu mbili za kutofuta faili asilia baada ya kulisimba upya.

Majibu

1. Kodeki ni utaratibu wa kusimba na kusimbua picha au sauti, mfano H.264 na AAC. Kontena ni faili linalobeba picha, sauti na taarifa za muda kwa pamoja. Mfano MP4 na AVI.

2. Programu haina kodeki ya picha iliyotumika. Kwanza, fungua faili kwa programu yenye kodeki nyingi kama VLC, na uangalie kodeki iliyomo. Pili, kama ni lazima lichezwe kwa programu ya awali, lisimbe upya kwa kodeki ambayo programu hiyo inaisoma.

3. (a) Muda = 20 × 60 = sekunde 1200. Biti = 17 × 1200 = megabiti 20,400. Ukubwa = 20,400 ÷ 8 = megabaiti 2550, yaani gigabaiti 2.55. (b) Ndiyo. Faili ni dogo kuliko kikomo cha FAT32 cha gigabaiti 4 kwa faili moja, na nafasi ya flashi inatosha.

4. 640 × 480 = pikseli 307,200. 307,200 × 3 = baiti 921,600. 921,600 × 30 = baiti 27,648,000, yaani takriban megabaiti 27.6 kwa sekunde.

5. Si kweli. Jina tu ndilo lililobadilika. Kontena na kodeki vimebaki vilevile. Kubadili kontena kunahitaji programu itakayotoa picha na sauti na kuziweka katika kontena jipya.

6. (i) Kusimba upya hupoteza ubora ambao haurudi, kwa hiyo faili asilia ndilo lenye ubora wa juu kuliko nakala. (ii) Kodeki na kompyuta hubadilika, na ubadilishaji wa baadaye unapaswa kuanza na faili asilia.